Land Rover One Ten ya 1987 imenoki injini: niweke Tdi, 1HZ ya Land Cruiser au Isuzu?

Mwana wa Dongobesh:

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na habari za kazi kwa wengine wote.

Ninalo gari aina ya Land Rover One Ten la mwaka 1987, chasisi ndefu, bodi ya pikapu yenye turubai, lililotoka kiwandani na injini ya dizeli ya lita 2.5 isiyo na turbo, giaboksi ya LT77 yenye gia tano na transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ya LT230. Marehemu baba alilinunua likiwa limeshatumika, na kwa zaidi ya miaka 20 ndilo limekuwa likishusha vitunguu swaumu na maharage yetu kutoka Dongobesh hadi Karatu. Wakati wa masika ndilo linalopita kwenye udongo mwekundu huku malori yamelala kando ya njia yakisubiri jua.

Mwezi uliopita nilikuwa napanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu nikiwa na mifuko 20 ya mbolea. Mshale wa joto ulipanda, na kabla sijapata mahali pa kuegesha nikasikia mgongano mzito wa chuma kwa chuma, kisha injini ikazima. Tulipofungua sampu tulikuta beringi ya konrodi ya tatu imeyeyuka na kujiviringisha kwenye kranki, na kranki yenyewe imechimbika kiasi kwamba ukipitisha ukucha unakwama. Mchongaji wa Arusha aliipima akasema kuwa imeshachongwa mara mbili huko nyuma na haina nyama ya kuchongwa tena.

Nimepewa ushauri na watu watatu, na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anasema nitafute Tdi iliyotumika, yaani dizeli yenye turbo, kwa kuwa ni ya ukoo huohuo wa Land Rover. Wa pili anasema nisipoteze muda, niweke 1HZ ya Land Cruiser mkonga, kwa sababu spea zake zinapatikana hata Haydom. Wa tatu ana injini ya Isuzu 4JB1 iliyotoka kwenye Trooper na yuko tayari kuniuzia kwa bei ya kirafiki. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni ipi itakayonifaa kwa kazi hii ya mzigo na milima, kama giaboksi yangu itahimili, na kama kuna jambo la kisheria ninalopaswa kulitangulia. Sitaki gari la mwendo kasi, nataka gari litakalopanda bila kuchemsha na kushuka bila kunitia hofu.


Spana Kumi na Saba:

Pole sana, mkuu. Nimekuwa nikitengeneza Land Rover hapa Unga Limited, Arusha, tangu 2001, na katika muda huo nimefunga 1HZ kwenye One Ten tatu na Tdi kwenye nyingi zaidi ya hizo, kwa hiyo nitakayosema nimeyashika kwa mikono yangu.

Kwanza, injini yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Injini ni chuma kinachonunuliwa na kupakiwa, na watu wawili wenye winchi huiteremsha mahali pake kwa asubuhi moja. Kazi iko kwenye maungio: pale injini inapokutana na giaboksi, inapokalia chasisi, inapopozwa, inapozipa breki nguvu, na inapozungumza na geji zilizoko kwenye dashibodi. Magari niliyoletewa yakiwa yameshindikana baada ya kubadilishwa injini yalikuwa karibu yote na injini nzima kabisa, lakini maungio yake yalifanywa kwa kukisia.

Sasa tutazame takwimu. Injini yako ya zamani ilikuwa na nguvu farasi 67, na ukiwa na mbolea mgongoni hizo ni chache mno. 200Tdi, iliyoanza kuwekwa kwenye Defender (jina ambalo One Ten ilipewa baadaye) mwaka 1990, ina nguvu farasi 107 na msukumo wa Nm 255. 300Tdi ya mwaka 1994 ina 111 na Nm 265, na zote mbili hufikia msukumo huo kwenye mizunguko 1,800 tu. 1HZ ni silinda sita, lita 4.2, nguvu farasi karibu 130 na msukumo wa takribani Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Wengi wakisikia lita 4.2 hudhani ni mara mbili ya Tdi, kumbe kwa msukumo unaoinua mzigo tofauti ni ndogo, kwa sababu 1HZ haina turbo.

Hapo ndipo mahali unapoishi panapoingia. 1HZ inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ile ya Tanga au Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Tdi hurudishiwa sehemu kubwa ya hasara hiyo na turbo yake. Kwa mtu anayebeba mzigo kwenye nyanda za Mbulu, Tdi iliyo nzima itapanda sawa na 1HZ au kuipita, na itakunywa dizeli kidogo zaidi.

Kwa upande wa kufunga, 200Tdi iliyotoka kwenye Defender ndiyo rahisi kuliko zote kwako, kwa kuwa imetokana na familia ya injini yako, hukaa karibu moja kwa moja kwenye vishikio vyako na hushikana na LT77 bila bamba la kuunganishia injini na giaboksi. Ukiuziwa 200Tdi iliyotoka kwenye Discovery, jihadhari, kwani turbo yake imekaa chini na ekzosi yake itagombana na chasisi, hivyo itabidi utafute manifoldi ya Defender. 300Tdi ni injini tulivu zaidi, ila vishikio vyake kwenye chasisi havilingani na vyako, vitakatwa na kuchomelewa upya, na ningekushauri uichukue pamoja na giaboksi yake ya R380.

Kabla ya yote hayo nijibu jambo moja: ulipofungua nyumba ya thamostati, uliikuta thamostati?


Mkonga Babati:

Ndugu Spana namheshimu, lakini kwenye 1HZ naomba tutofautiane, kwa kuwa mimi ninayo kwenye One Ten yangu kwa mwaka wa sita sasa na sijawahi kulala njiani kwa sababu ya injini.

Hesabu ya msukumo ni ya kweli. Ila mkulima hanunui msukumo peke yake, hununua pia uhakika wa kupata spea siku gari linapoharibikia mahali pasipo na duka. Magari ya hospitali, ya polisi, ya miradi ya maji na ya watalii katika mkoa mzima yanatumia 1HZ, na kila fundi chini ya kila mwarobaini anaijua. Haina turbo ya kufa wala intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) ya kupasuka hosipaipu. Pampu yake ya dizeli inaendeshwa kimakanika, haina kompyuta. Ukibadilisha mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000 na oili kwa wakati, inaishi. Kosa kubwa linalofanywa ni kuichoka kwa upole wake na kuibandika turbo: hiyo ni injini yenye vyumba vya awali vya kuchomea mafuta, na ikisukumwa na turbo bila kudhibiti joto na dizeli, hedi hupasuka.

Hata hivyo, nieleze kilichonipata, ili atakayefuata njia hii asikipitie. Kwenye 1HZ, pampu inayotengeneza vakiumu ya busta ya breki imebanwa mgongoni mwa oltaneta. Oltaneta yangu ilipokufa, fundi mmoja wa umeme aliniwekea nyingine iliyofanana nayo kwa umbo na kwa idadi ya waya, taa ya chaji ikazima, nikalipa nikaondoka. Haikuwa na pampu nyuma. Niliigundua nikiwa nashuka na abiria sita, pale nilipokanyaga breki mara ya tatu na pedali ikawa ngumu kama jiwe. Gari lilisimama, kwa sababu nilikuwa kwenye gia ya pili na nilisimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, lakini mikono ilinitetemeka hadi jioni. Ukiweka 1HZ, ujue kwamba oltaneta ni sehemu ya breki zako, na kila fundi wa umeme atakayeigusa umwambie hivyo kabla hajashika spana.

La pili ni umeme. Baadhi ya 1HZ zinazoletwa kutoka Japani ni za volti 24. Soma kibandiko cha stata na maandishi kwenye plagi za joto kabla ya kulipa, maana Land Rover yako ni ya volti 12, na ukishaileta nyumbani utabadilisha stata, plagi, oltaneta na soleno ya kuzimia mafuta, kila kimoja kwa bei yake.

La tatu ni uzito na urefu. Silinda sita ni ndefu na nzito, kwa hiyo rejeta ilisogezwa mbele na springi za mbele nikabadilisha nikaweka nene zaidi. Mwanzoni nilibaki na za zamani, na gari likipita kwenye shimo sampu ilikuwa inabusu eksile ya mbele. Pima nafasi hiyo springi zikiwa zimebanwa hadi mwisho. Usiridhike na kipimo cha gari lililosimama gerejini.


Mwana wa Dongobesh:

Nawashukuru sana wote wawili. Ndugu Spana, swali lako limenigusa mahali penyewe. Thamostati haikuwamo. Nilipomuuliza kijana aliyekuwa akinitengenezea, alisema aliitoa miaka miwili iliyopita ili injini iwe inapoa vizuri, na kwamba wanafanya hivyo kwa magari yote ya mzigo. Rejeta nayo ilipopelekwa kuzibuliwa ilikutwa na mirija mingi iliyoziba kwa tope la kutu.

Kama nimekuelewa vizuri, basi hata ningeweka injini mpya kabisa, ningeichemsha vilevile.


Spana Kumi na Saba:

Umeelewa sawasawa, na nimefurahi umeuliza kabla ya kununua.

Kutoa thamostati ni tabia iliyoenea katika gereji zetu, na imeua injini nyingi kuliko dizeli chafu. Kwenye Tdi na kwenye 1HZ thamostati haifanyi kazi ya kufungua tu. Inapopata joto hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo huziba njia fupi inayorudisha maji kwenye injini moja kwa moja. Ukiitoa, njia ile fupi inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kamwe. Kwenye barabara tambarare hutaona tatizo, na asubuhi utaona mshale uko chini ukafurahi. Siku ya mlima na mzigo ndiyo siku utakayodaiwa. Hedi ya Tdi ni ya aluminiamu, ikichemka mara moja tu kwa nguvu hupinda, kwa hiyo kwako wewe thamostati mpya, rejeta mpya au iliyofunguliwa ikasafishwa kwa vijiti, na kava la feni lililokaa mahali pake ni sehemu ya bei ya injini, usivihesabu kama nyongeza.

Ukichukua Tdi, chukua na rejeta yake iliyo pamoja na intakula, na fremu yake inayoishikilia. Kujaribu kuipachika intakula kando ya rejeta ya injini ya zamani ni kazi ya siku nne isiyo na faida.

Kuhusu Mkonga Babati, sina ugomvi na 1HZ. Mwana wa Dongobesh angekuwa anabeba abiria bila mzigo mzito, au gari lake lingekuwa halina giaboksi kabisa, ningeweza kumpa mkono Mkonga. Tofauti yetu ni kwamba kwake bamba la kuunganishia lilitengenezwa vizuri, na hilo halitokei kila mara.


Mwenyeji wa Isiolo:

Hamjambo nyote. Nawaandikia kutoka Isiolo, Kenya, na nimeona niseme kuhusu Isuzu, kwa kuwa hakuna aliyeigusa.

Mimi nina Land Rover 109, Series III, ya mwaka 1979, na mwaka 2016 niliiwekea 4JB1. Injini hii ni ya lita 2.8, taimingi ya hii yangu inaendeshwa kwa gia za chuma badala ya mkanda, na kwetu spea zake ni kama unga wa ugali kwa sababu magari ya Isuzu yanaunganishwa Nairobi na yamejaa barabarani. Land Rover na Isuzu si wageni kwa kila mmoja, kwa maana kule Australia, katika miaka ya 1980, Land Rover zilitoka kiwandani zikiwa na injini ya Isuzu 4BD1 ya lita 3.9, na jeshi la nchi hiyo lilizitumia One Ten za namna hiyo kwa miaka mingi. Tena inafaa kutambua kwamba wao walifunga injini hiyo na giaboksi nyingine iliyo nzito, ya LT95, hawakutumia LT77.

Shida yangu haikuwa injini. Nilipeleka kazi ya bamba la kuunganishia kwa karakana moja ambayo sitaitaja, wakanichongea bamba zuri la kutazamwa, lenye matundu yote yaliyolingana. Baada ya wiki tatu giaboksi ilianza sauti ya kusaga, kama kinu cha mahindi kinapokaribia kuisha mahindi, na sauti hiyo ilinyamaza kila nilipokanyaga klachi. Tulipoishusha, kile kibushi cha shaba kilichoko katikati ya flaiwili, ambacho ndicho hubeba ncha ya shafti ya giaboksi, tundu lake lilikuwa limegeuka umbo la yai, na beringi ya mbele ya giaboksi ilikuwa na kipele kilichobanduka ukubwa wa punje ya mtama. Bamba lilikuwa limekaa pembeni kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Shafti ya giaboksi ilikuwa ikilazimishwa kuzunguka huku imepinda, maelfu ya mara kila dakika.

Nililipa giaboksi ya pili ndipo nikampata mtu wa kuipima. Kwa hiyo mdogo wangu, ile bei ya kirafiki ya 4JB1 usiitazame peke yake. Muulize huyo rafiki kama ana bamba, nani alilichonga, na lilipimwa kwa chombo gani. Ongeza pia kwamba 4JB1 isiyo na turbo haitakupa nguvu ya ziada ya kukufurahisha kwenye milima yenu, ingawa kwa 109 yangu huku kwenye tambarare inanitosha kabisa.


Spana Kumi na Saba:

Mzee wa Isiolo amesema jambo ambalo ningependa kila fundi alisome. Nami niongeze namna ya kupima. Unafunga bamba na nyumba ya klachi kwenye injini, flaiwili ikiwa mahali pake, unabandika geji ya mshale yenye sumaku juu ya flaiwili, ncha yake inagusa ukingo wa ndani wa tundu ambamo giaboksi hujishikiza, kisha unazungusha kranki kwa mkono polepole mzunguko mzima huku ukiutazama mshale. Mimi sikubali mshale utembee zaidi ya milimita 0.15. Ukitembea zaidi, unalegeza bamba, unalisogeza, unapima tena, na ukishapata unatoboa na kupiga pini mbili za chuma ili lisiweze kuhama siku nyingine. Kazi hiyo hunichukua nusu siku na wateja huona ninapoteza muda.

Sasa kuhusu swali lako la giaboksi, ambalo tulilipita. LT77 yako itahimili 200Tdi kama ni nzima na kama utaiendesha kiungwana. Iwekee oili ya ATF iliyoandikiwa, usiiwekee ile nzito ya 90 ambayo watu huimimina kwa mazoea, kwa kuwa oili nzito haifiki kwenye njia zake nyembamba asubuhi ya baridi. R380 ni imara zaidi, na namba hiyo 380 ni msukumo iliyobuniwa kuubeba kwa Nm, hivyo Tdi na hata 1HZ ziko ndani ya uwezo wake. Utakapoizoea kumbuka kuwa gia ya nyuma imehama: kwenye LT77 iko kushoto mbele, kwenye R380 iko kulia nyuma, chini ya gia ya tano.

Kitu ambacho hakuna aliyekuuliza ni uwiano wa transfa. Baadhi ya One Ten zilizotoka na dizeli isiyo na turbo zilipewa LT230 yenye uwiano wa 1.67, ili ile injini dhaifu iweze kuvuta, ilhali za Tdi zina 1.41. Tazama namba iliyopigwa kwenye transfa yako. Nimekupigia hesabu kwa matairi ya 7.50R16: ukiwa gia ya tano kwa kilomita 80 kwa saa, transfa ya 1.67 itazungusha injini karibu mara 2,650 kwa dakika, na ya 1.41 itaizungusha karibu mara 2,240. Kwa injini yako ya zamani hiyo ya kwanza ilikuwa ya lazima. Kwa Tdi ni kelele na dizeli inayopotea bure. Usiende kwenye 1.22 ya Discovery, hata ukipewa bure, kwa maana wewe ni mtu wa mzigo na utajikuta unaunguza klachi kila unapoondoka mlimani.

Na shafti za mbele za gari la mwaka 1987 zina meno 10 tu. Ukishafunga difu loki kwenye tope, usikanyage mafuta hadi chini gurudumu likiwa limekwama, kwani sasa una injini yenye uwezo wa kuzikata.


Nasra wa Moshi:

Nawasalimu. Wote mmezungumza chuma, nami naomba niseme kuhusu karatasi, kwa sababu nimefanya kazi ya bima za magari kwa muda mrefu na nimeona watu wakilia kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa siku chache.

Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukiweka injini nyingine, namba ya chasisi inabaki kuwa utambulisho wa gari, lakini namba ya injini iliyoko kwenye kadi inakuwa si ya kweli, na kuanzia siku hiyo gari na kadi yake havifanani. Askari akikagua, au mnunuzi akitaka kuhamisha umiliki, au bima ikitaka kulipa baada ya ajali, tofauti hiyo ndiyo itakayoonwa kwanza. Unapaswa kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha taarifa za gari, na gari litakaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi ili athibitishe namba. Mwenyeji wa Isiolo naye kwa Kenya atakuwa alipitia NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani.

Ili hayo yaende vizuri, nunua injini yenye asili. Dai risiti yenye jina la muuzaji na namba ya injini iliyoandikwa humo. Kama imeletwa kutoka nje, dai na nakala za forodha, na kama imetoka kwenye gari lililopata ajali, dai nakala ya kadi ya gari hilo. Isome namba wewe mwenyewe kwenye bloku, kwa kuisafisha kwa brashi na dizeli, kisha ilinganishe na karatasi herufi kwa herufi. Namba iliyosagwa au iliyopigwa upya iache hapohapo, hata bei ikiwa tamu namna gani, kwa sababu injini ya wizi itakuondolea gari zima. Piga pia picha ya namba ya injini yako ya zamani kabla haijauzwa chuma chakavu, na mjulishe wakala wako wa bima kwa maandishi siku gari litakaporudi barabarani.


Mwana wa Dongobesh:

Wakuu, nimerudi baada ya siku 11, na sikutaka kurudi mikono mitupu.

Transfa yangu ni ya 1.67, kama ndugu Spana alivyohisi. Rafiki wa 4JB1 nilimuuliza maswali ya Mwenyeji wa Isiolo, akaniambia kwa uungwana kwamba bamba hana na kwamba alitarajia fundi wangu angelichonga, hivyo tukaachana kwa amani. 200Tdi ya Defender nilitafuta hadi Moshi, nikapata moja tu, na ilikuwa inapumua moshi kwenye mdomo wa oili kiasi cha kurusha kifuniko. Kuhusu 1HZ, kaka wa Babati, nilikaribia sana kukufuata, na kilichonizuia ni mita zetu za mwinuko na hofu ya bamba.

Jana nilikwenda Arusha na ndugu Spana kuona 300Tdi iliyotoka kwenye Defender lililogongwa nyuma, ikiwa pamoja na R380 yake, transfa ya 1.41, rejeta, intakula na fremu. Nakala ya kadi ya gari hilo ipo, na namba kwenye bloku niliisoma mwenyewe baada ya kuisugua. Tuliiwasha ikiwa ya baridi, ikashika kwa mzunguko wa pili. Tulifungua mdomo wa oili ikiwa inaunguruma na kifuniko kikatulia juu ya tundu bila kurukaruka. Kisha ndugu Spana alifungua kile kidirisha kidogo kwenye kava la mkanda wa taimingi, akaingiza kidole na kukitoa kikiwa cheusi kwa unga wa mpira. Alinionyesha bila kusema neno, halafu akaeleza kwamba 300Tdi za mwanzo zilikuwa na tatizo la puli kutolingana, mkanda ukawa unaliwa ukingoni, na kwamba kuna seti ya puli iliyotolewa kurekebisha jambo hilo. Muuzaji aliyaona yote hayo, akapunguza bei kiasi kinachotosha seti nzima, mkanda mpya na thamostati.

Nimelipa nusu. Vishikio vya chasisi vitachomelewa wiki ijayo, na propela zote mbili zitapimwa urefu kabla ya kufungwa. Mwenye kujua fundi mwaminifu wa kufungua rejeta na kuisafisha kwa vijiti hapa Karatu au Mto wa Mbu aniandikie, maana rejeta iliyokuja na injini ni ya umri uleule wa injini, na siipandishi ule mlima kabla sijaona ndani yake.


Spana Kumi na Saba:

Ilete Arusha pamoja na bodi, nitaifungua mbele yako. Na ile thamostati mpya, kabla hatujaifunga, tutaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto ili uione ikifunguka.